Saratani Hizi

Oktoba iliyopita mwenzetu mmoja aliwasilisha darasani kazi yake kuhusu tafsiri ya mabango ya afya. Kazi ilikuwa nzuri na sina ugomvi na tafsiri zake. Ugomvi wangu ni na jibu lake alipoulizwa kuhusu saratani ya matiti inayorithiwa. Alisema, "Hiyo ya ukoo ni hukumu. Ukizaliwa nayo, kilichobaki ni maombi." Darasa likaitikia kwa vichwa, na mjadala ukahamia kwenye matumizi ya herufi kubwa. Mimi nilinyamaza. Insha hii ni lile jibu ambalo ningepaswa kulitoa siku ile.

Nadai kwamba si kweli kuwa saratani ya kurithi ina mwisho mmoja unaojulikana tangu mwanzo. Mwisho wake unategemea sana uvimbe wenyewe ni wa aina gani, na aina hiyo hupimwa. Nadai pia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunashiriki katika kosa hili, kwa sababu tunaandika na kutafsiri kana kwamba ugonjwa huu ni mmoja.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo letu. Neno saratani limo katika ngeli ya I-ZI. Umbo lake halibadiliki katika wingi. Kinachobadilika ni viambishi vinavyoandamana nalo: saratani hii inatibika, saratani hizi zinatibika. Sasa someni bango lolote la afya, tangazo lolote la redio, hata zile insha zetu za mwaka wa kwanza. Mtakuta umoja mtupu. Kule kwetu Kamwokya watu husema kookolo, neno la Kiganda, nalo hubeba ugonjwa wote kwa mkupuo mmoja. Mtu akiambiwa ana kookolo wa titi, hakuna anayeuliza: yupi?

Na "yupi" ndilo swali. Uvimbe wa titi unapokatwa kipande na kupelekwa maabara, mtaalamu wa patholojia haangalii tu kama ni saratani au siyo. Hukipaka kile kipande rangi maalumu ili kuona kama seli zake zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, vya projesteroni, na protini iitwayo HER2. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni hulishwa na homoni, kwa hiyo kidonge cha tamoksifeni, ambacho si ghali, huweza kuukatia chakula. Uvimbe wenye HER2 nyingi una dawa yake. Uvimbe usio na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ambao nitauita hasi-tatu, hausikii tamoksifeni hata ukimeza debe zima. Hapa Uganda tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Mulago zimeonyesha kuwa karibu theluthi moja ya wagonjwa wana uvimbe wa hasi-tatu. Theluthi moja si watu wachache wa kuwekwa pembeni.

Nilinyamaza siku ile kwa sababu nilimkumbuka ssenga. Kwa wasio Waganda: ssenga ni shangazi, dada wa baba, na ndiye anayemfunda binti mambo ambayo mama haruhusiwi kuyasema. Wangu alikuwa akiuza mkaa sokoni Kamwokya. Sisi tunakaa upande wa chini, Kifumbira, ambako mvua ikinyesha usiku tunaamka kuinua magodoro. Yeye alipanga chumba juu kidogo, karibu na Kira Road. Alipata uvimbe akiwa na miaka 36. Hakuchelewa kama mabango yanavyopenda kusema juu ya wanawake wetu. Alienda ndani ya mwezi mmoja. Ripoti ya maabara, ambayo baba ameihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja, ilisema ni saratani vamizi, daraja la tatu. Chini yake palikuwa na mistari mitatu: estrojeni, projesteroni, HER2. Kila mstari umeandikwa kwamba haikufanyika. Tuliambiwa kipimo hicho kina malipo yake na kwamba vifaa vimekwisha. Akakatwa titi, akapewa kemotherapi kidogo, kisha akapewa tamoksifeni. Aliimeza kwa uaminifu, saa mbili kamili kila usiku, miezi kumi na moja. Hadi leo hatujui kama vile vidonge vilikuwa dawa au pipi.

Sisemi kwamba kipimo kingemponya. Nasema alitibiwa gizani, kisha mchungaji mmoja akasimama matangani na kutangaza kuwa ni ekikolimo, laana ya ukoo, kwa kuwa nyanya yake pia alikufa kwa titi. Laana ni maelezo mepesi sana. Haina maabara, haina mistari mitatu ya kujazwa, na hakuna anayedaiwa chochote.

Tuseme basi ugonjwa wa ssenga ulikuwa wa kurithi kweli, maana dalili zilikuwapo: umri mdogo, na zaidi ya mtu mmoja katika ukoo. Kinachorithiwa ni nini? Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika koo fulani saratani ya matiti hufuatana na kipande kimoja cha kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana 1994, na mwenzake, BRCA2, 1995. Kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, ana nakala mbili za kila jeni hiyo. Kazi yake ni ukarabati: uzi wa DNA unapokatika pande zote mbili, jeni hizi husaidia kuuunga tena bila kukosea. Aliyerithi nakala moja mbovu huishi kwa ile nzima. Siku nakala nzima inapoharibika ndani ya seli moja ya titi, seli ile inabaki bila fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Seli hiyo haina wa kuziba ufa, makosa yanarundikana, na mwisho wake ni uvimbe.

Hapa ndipo mwenzetu alipokosea kwa mara ya kwanza. Alidhani kurithi hitilafu ni kurithi ugonjwa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, takriban 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na kwa BRCA2 takriban 69. Ni hatari kubwa, tena kubwa mno, na sitaipunguza. Lakini hata hapo wapo zaidi ya robo ambao hawaugui, na waliochunguzwa wengi wao ni wa asili ya Ulaya. Ukizaliwa nayo umezaliwa na hatari, na hatari hufuatiliwa.

Alikosea mara ya pili kwa kudhani kwamba wanaougua huugua kitu kimoja. BRCA1 na BRCA2 hutajwa pamoja kama Kulwa na Doto, lakini vimbe zao hazifanani. Wenye hitilafu ya BRCA1, takriban saba katika kumi hupata uvimbe wa hasi-tatu, wa daraja la juu, unaokua kwa kasi, mara nyingi katika umri wa kulea watoto wadogo. Wenye BRCA2 wengi wao hupata uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni. Kwa hiyo ndugu wa koo mbili tofauti, wote wakiitwa "wa kurithi," wanaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa.

Na hata hapo mambo hayakai sawa kama tunavyopenda yakae. Kwa kawaida uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni huhesabiwa kuwa mpole zaidi. Aisilandi, ambako karibu wote wenye hitilafu ya BRCA2 wamerithi hitilafu ile ile moja kutoka kwa mababu wa zamani, watafiti waligundua kinyume: kwa wanawake hao vipokezi vya estrojeni havikuwa habari njema, bali viliandamana na hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka 2013 watafiti wa huko huko walionyesha jambo linalofanana na hilo kuhusu kromosomu. Uvimbe ambao seli zake bado zina kiasi cha DNA kilicho karibu na kawaida hudhaniwa kuwa mtulivu. Kwa wenye hitilafu ya BRCA2, ndio hasa waliokufa zaidi kuliko wagonjwa wasio na hitilafu. Nimeyasoma hayo mara tatu kabla ya kuyaamini. Funzo nililolipata ni dogo tu: huwezi kuchukua kanuni ya wagonjwa wote na kumvika mgonjwa wa ukoo, wala huwezi kuchukua neno "ukoo" na kulifanya kanuni.

Je, wenye hitilafu hufa zaidi? Uingereza ilifuatilia wanawake 2,733 waliopata saratani ya matiti wakiwa na miaka 40 au chini, na matokeo yakachapishwa 2018. Wanawake 338 kati yao walikuwa na hitilafu ya BRCA1 au BRCA2. Baada ya miaka kumi hapakuwa na tofauti ya maana: waliokuwa hai ni takriban 73 katika 100 kwa wenye hitilafu, na 70 katika 100 kwa wasio nayo. Kwa wale wa hasi-tatu, wenye hitilafu walikuwa na nafuu kidogo katika miaka miwili ya mwanzo, kisha nafuu hiyo ikafifia. Iko wapi hukumu hapo? Wanawake hao walikuwa na bahati ya kutibiwa katika nchi inayojaza ile mistari mitatu. Hilo nalikubali, na ndilo ninalolililia.

Kasoro ile ile inayouzaa uvimbe ndiyo inayoufanya uwe dhaifu. Dawa za sisiplatini na kaboplatini huharibu nyuzi za DNA. Seli nzima hujikarabati, kwa taabu. Seli isiyo na fundi hufa. Katika jaribio moja la Uingereza lililochapishwa 2018, wanawake wenye saratani iliyosambaa walipewa ama kaboplatini ama dosetakseli. Kwa wagonjwa wa hasi-tatu kwa jumla hapakuwa na tofauti. Lakini kwa wale 43 waliokuwa na hitilafu ya BRCA, uvimbe ulisinyaa kwa 68 katika 100 waliopewa kaboplatini, na 33 katika 100 waliopewa ile nyingine. Ziko pia dawa mpya zaidi, vizuizi vya PARP kama olaparibu, ambazo Marekani iliziruhusu kwa saratani ya matiti Januari 2018. Hizo bei yake mkazi wa Kifumbira anaisikia kama hadithi. Lakini sisiplatini ni dawa ya zamani, iliruhusiwa Marekani tangu 1978, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kujua aina ya uvimbe si lazima kukupeleke kwenye dawa ya tajiri.

Najua nitajibiwa kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Darasani kwetu neno hilo hutosha kumaliza mjadala wowote, isipokuwa ule wa simu. Basi twendeni Mulago. Ukitoka kwetu kwa miguu unafika kabla ya chapati kupoa. Ni katika hospitali hiyo Denis Burkitt alipoeleza, mwaka 1958, uvimbe wa taya unaoua watoto. Ulikuwa wa kutisha: unakua kwa siku, unafumua uso wa mtoto. Mwaka 1967 ikaanzishwa pale Taasisi ya Saratani ya Uganda, na madaktari wake, John Ziegler na baadaye Charles Olweny miongoni mwao, wakathibitisha kwamba uvimbe huo huo unaotisha huweza kuyeyuka kwa dawa peke yake, kwa sababu ya kasi yake: seli zinazojigawa upesi ndizo zinazopigwa zaidi na dawa. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hoja kwamba tabia ya uvimbe ndiyo inayoamua tiba na mwisho wake haikuletwa Kampala kwa meli. Sehemu yake ilithibitishwa hapa, kwa wagonjwa wetu, na sisi tunaokaa ng'ambo ya barabara ndio tunaosema laana.

Wala hitilafu zenyewe si za Ulaya. Uchunguzi uliochapishwa 2018, wa wagonjwa zaidi ya 1,100 wa Nigeria, ambao Profesa Olufunmilayo Olopade alikuwa mmoja wa viongozi wake, ulionyesha kuwa mgonjwa mmoja katika kila wanane alikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni nne zinazojulikana. Mwaka 2020 ulichapishwa mwingine wa Uganda na Kamerun: takriban wagonjwa 15 katika kila 100 walikuwa wamerithi hitilafu. Anayesema hili ni anasa atuambie hao 15 tuwapeleke wapi.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kuwahi. Ndiyo. Uchunguzi uliofuatilia wagonjwa wa Uganda, Nigeria, Zambia, Namibia na Afrika Kusini uliona kuwa ni karibu nusu tu waliokuwa hai miaka mitatu baada ya kugunduliwa, na kufika hospitali ugonjwa ukiwa umeenea ni sababu kubwa ya vifo hivyo. Siwezi kubishana na hilo na sitaki. Ninachokataa ni kulifanya neno "mapema" kuwa fimbo ya kuwapiga marehemu. Uvimbe wa BRCA1 unaweza kukua kati ya uchunguzi mmoja na mwingine. Mapema yake si mapema ya uvimbe unaotambaa. Na aliyewahi, kama ssenga, anawahi nini ikiwa akifika ripoti yake ina mistari mitatu mitupu? Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ilipoharibika Mulago, nchi nzima ilipiga kelele, magazeti yaliandika, wabunge walisema. Ilistahili. Kimiminika cha kupaka rangi kipande cha nyama kikiisha katika maabara, nani anapiga kelele? Hakipigwi picha.

Kuna jambo jingine, nalo linanihusu mimi. Mwaka jana nilikwenda kuchunguzwa matiti katika kliniki moja. Muuguzi, dada mpole, aliniuliza kama mama yangu, dada za mama, au bibi mzaa mama wamewahi kuugua. Nikasema hapana, maana hawajaugua. Akaandika kwamba sina historia ya ukoo. Nilifika langoni ndipo nikastuka. Sisi Waganda tunahesabu ukoo kwa baba: jina ni la kwao, mwiko wa kutokula mnyama fulani ni wa kwao, na kaburi ni la kwao. Tukifika kliniki ghafla tunahesabu kwa mama! Hitilafu ya BRCA hupita kwa baba sawasawa na inavyopita kwa mama. Mzazi mwenye nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Baba anaweza kuibeba maisha yake yote, akaipitisha kwa binti, asiugue yeye. Nilirudi ndani, nikamwambia habari za ssenga. Alifuta, akaandika upya. Swali lile lilikuwa limechapishwa kwenye fomu, na fomu hutungwa na watu wenye lugha, watu kama sisi.

Januari mwaka huu ssenga mdogo naye akagusa uvimbe. Ana miaka 41, anauza nguo za mtumba pale pale sokoni. Safari hii kabla ya kuuliza bei ya upasuaji tuliuliza bei ya mistari mitatu. Baba aliuza mbuzi wawili. Majibu yalipotoka alinipigia simu kabla hata sijatoka darasani, sauti imejaa furaha: "Muwala wange, niko negativu! Tena mara tatu!" Nyuma yake nikasikia wanawake wa sokoni wakipiga vigelegele.

Kamwokya ni mahali palipojifunza neno hilo kwa uchungu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa mtaa wetu wamekuwa wakihudumia wagonjwa wa UKIMWI nyumba kwa nyumba, na kwa miaka yote hiyo kuambiwa u negativu kumekuwa na maana moja tu, kwamba umepona kaburi. Hakuna aliyemweleza kwamba kwenye karatasi hii neno lile lile lina maana nyingine. Nilipanda bodaboda. Nilimkuta amekaa juu ya marobota yake, karatasi ameikunja mara nne ndani ya kanga. Nikamweleza, kwa Kiganda na Kiswahili na mikono: kwamba kukosa vipokezi ni kukosa baadhi ya dawa, kwamba tamoksifeni haitamfaa na asikubali kupewa kwa sababu ndiyo iliyopo, kwamba ziko nyingine, na kwamba kwa kuwa ni wa hasi-tatu, na dada yake aliugua, na nyanya yao pia, daktari aulizwe kuhusu kipimo cha jeni na kuhusu kaboplatini. Nilitafuta maneno kwa jasho. Miaka mitatu ya kusoma Kiswahili, na sikuwa na sentensi moja iliyo tayari ya kumweleza mwanamke mmoja ana nini.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza lile swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa dada yake: "Kwa hiyo huyu kookolo wangu ni yupi?"

Yuko mzunguko wa tatu wa dawa sasa. Uvimbe umepungua, daktari alimpima kwa vidole, akamwonyesha. Kipimo cha jeni bado tunakichangia, na baba amesema kikipatikana cha bei nafuu atapimwa yeye kwanza, kabla yangu.